Muulize Fundi: Babu wa Muheza Anataka Kununua Antivairasi

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu virusi kwenye kompyuta za nyumbani. Nimechukua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake naulizwa hapa dukani Ngamiani, Tanga, karibu kila wiki, na wengi wanaoniuliza huja wakiwa wameshatoa pesa.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Muheza. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam amenitumia laptopu iliyotumika, ina Windows 11. Naandika humo kumbukumbu za ukoo wetu, nimeweka picha zote za marehemu mke wangu, na hati za shamba la michungwa nimezipiga skani. Jioni wajukuu nao huichezea. Ilikuja na antivairasi ya majaribio ambayo muda wake umekwisha, na kila nikiwasha inaniambia niko hatarini. Nilikwenda mjini, duka moja wakataka shilingi 45,000 kwa mwaka. Duka la pili wakasema hiyo haifai, wana nyingine ya 70,000. Jirani yangu anasema za bure zote ni takataka. Mwanangu anasema nisinunue chochote. Nimsikilize nani? Pensheni yenyewe waijua.

JIBU: Shikamoo babu, na pole kwa kuondokewa na bibi. Msikilize mwanao. Ila kuna mambo amekuachia nusu, nami nitayamalizia.

Hiyo Windows 11 ina antivairasi yake ndani. Jina lake Microsoft Defender. Hailipiwi wala haina leseni ya kukwisha. Kwa sasa huenda imekaa pembeni, kwa sababu Windows ikikuta antivairasi nyingine imewekwa huipisha ifanye kazi. Antivairasi mbili hazikai zamu moja: kila moja hulidaka faili lile lile, na kompyuta inaanza kujikokota. Huyo mgeni wako ndiyo hiyo ya majaribio. Muda wake umekwisha, na kinachoendelea kukufikia kutoka kwake ni vitisho vya kukutaka ulipie.

Iondoe. Ingia Settings, halafu Apps, halafu Installed apps. Litafute jina lake kwenye orodha, bonyeza vinukta vitatu vilivyo pembeni, chagua Uninstall. Itakuuliza mara mbili tatu kama una uhakika, na pengine itakushushia bei. Usikubali. Ikimaliza, zima kompyuta na uiwashe upya. Kona ya chini kulia, karibu na saa, kuna ngao ndogo (kama huioni, bonyeza kimshale kilichopo hapo). Ukikuta tiki ya kijani juu yake, Defender imeamka. Ikiwa ina alama ya njano au nyekundu, ifungue usome inachotaka. Mara nyingi inataka tu kuapdeti.

Jirani yako anasema jambo lililokuwa kweli zamani. Nilipoanza ufundi mwaka 2008, kwenye kafe ya intaneti hapa hapa mjini, Windows XP haikuwa na antivairasi ndani yake, na mtu asiyeweka ya kwake hakumaliza wiki bila kurudi kwangu. Mwaka 2009 Microsoft walitoa ya bure iliyoitwa Security Essentials, lakini ulitakiwa kuipakua mwenyewe. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 ndipo kinga ikaanza kuja humo humo. Miaka ya mwanzo ilikuwa dhaifu, nami niliwaambia wateja wanunue nyingine. Leo siwaambii hivyo. Kuna maabara Ujerumani, mjini Magdeburg, inaitwa AV-TEST. Kazi yake ni kuzipima antivairasi za nyumbani: alama 6 kwa kinga, 6 kwa wepesi wa kompyuta, 6 kwa kutomsumbua mtumiaji. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata alama za juu kwenye kinga, bega kwa bega na zile zinazouzwa.

Ina udhaifu mmoja, na kwetu sisi wa kununua bando la siku una uzito. Defender inategemea sana intaneti. Ikikutana na faili isilolijua huuliza kwenye seva za Microsoft, na isipokuwa na mtandao uwezo wake wa kutambua virusi hushuka. Maabara nyingine, AV-Comparatives ya Innsbruck kule Austria, hupima jambo hili kando, na humo Bitdefender na Avast zimekuwa zikifanya vizuri zaidi kompyuta inapokuwa nje ya mtandao. Kwa hiyo babu, mtu akikuletea flashi, washa kwanza hotispoti ya simu, fungua Windows Security, bonyeza pale pa kutafuta masasisho, yakishashuka ndipo uichomeke. Usisubiri kompyuta iyatafute yenyewe, maana ikijua inatumia data ya simu inaweza kuahirisha.

Sasa ile 45,000. Naomba usiirudishe mfukoni, kwa sababu kuna kitu kinachohitajika nyumbani kwako kuliko antivairasi.

Novemba 2019 alinijia kijana mpiga picha za harusi. Aliibeba kompyuta yake ya mezani kwa pikipiki, ameifunga kwa kanga. Kila picha ndani yake ilikuwa imeongezewa mkia wa herufi mwishoni mwa jina na hakuna iliyofunguka. Kwenye kila folda palikuwa na barua ya wezi inayodai dola 980, au dola 490 kama angewatafuta ndani ya saa 72. Kirusi hicho mafundi wanakijua, ni cha ukoo unaoitwa STOP. Nilimuuliza siku iliyotangulia aliweka nini. Akasema aliweka programu ya kuhariri picha, ya kraki (yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure), na maelezo yake yalimtaka azime antivairasi kwanza ili kraki ifanye kazi. Akazima. Kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa mwezi uliotangulia zana ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa na aina 148 za kirusi hicho. Tukaijaribu. Haikufua dafu, kwa sababu kompyuta ilikuwa mtandaoni usiku ule na ufunguo ulitengenezwa kwenye seva ya wezi wenyewe, wa kwake peke yake. Alikuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Ilikuwa imechomekwa usiku ule ule, nayo ikafungwa yote. Harusi kumi na moja. Mbili tuliziokoa kwa sababu zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Tisa zilipotea, na moja kati ya hizo tisa bwana harusi alikuwa ameshafariki kabla familia haijachukua picha. Kijana alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka adhuhuri bila kusema neno.

Angekuwa na antivairasi ya 45,000 au ya 70,000, zote angezizima, kwa sababu maelezo yalimwambia azime. Ndiyo maana nikikuta mtu anabishana kuhusu jina la antivairasi, namuuliza kwanza: picha zako ziko wapi mara ya pili?

Kwa hiyo babu, kwa 45,000 nunua flashi mbili nzuri za GB 64. Nakili kumbukumbu, picha na hati kwenye zote mbili. Moja ikae kabatini kwako. Nyingine mpe mwanao aende nayo Dar es Salaam, mkibadilishana kila akija. Ya kabatini iongezee mapya siku moja maalumu ya juma, tuseme Ijumaa baada ya sala au Jumapili baada ya ibada, kisha ichomoe. Kuichomoa ndiko kunakoiokoa. Ukija kupata uwezo, diski ya nje ni bora zaidi kwa kukaa miaka mingi, ila anza na hizo. Hati halisi za shamba ziendelee kukaa kwenye sanduku lako, hakuna kompyuta inayochukua nafasi yake.

Halafu kuna wajukuu. Kwenye Settings, sehemu ya Accounts, watengenezee akaunti yao ya kawaida, na yako ibaki ya msimamizi yenye pasiwedi wasiyoijua. Mchezo ukitaka kujiweka ndani ya Windows utaomba pasiwedi yako, nao watalazimika kukuita. Ukiitwa, uliza mchezo umetoka wapi. Ukijibiwa kwamba ni wa kulipia lakini wameupata bure, kataa. Mimi wanangu wamenilia sana kwa hilo.

SWALI: Dada Fundi, nina steshenari Korogwe, karibu na shule. Wateja huleta flashi kutoa kopi na kuprinti. Wiki hii watatu wamerudi wakilalamika kwamba mafaili yao yamegeuka vishale vya njia mkato, ukibonyeza kinafunguka kitu kingine. Wanasema kompyuta yangu ndiyo imewaambukiza. Defender ipo, ila intaneti nawasha mara chache. Nifomati flashi zao?

JIBU: Usifomati! Kazi zao bado zimo humo, zimefichwa tu. Na wateja wako wana haki, mdogo wangu: flashi moja yenye kirusi ikipita kwako asubuhi, mpaka jioni kijiji kizima kinacho.

Kirusi cha njia mkato hufanya hivi. Huyaficha mafaili halali, kisha huweka pahali pake vijifaili vyenye majina yale yale na picha ile ile, vikiwa na kimshale. Mtu akibonyeza, anakiendesha kirusi kwa mkono wake mwenyewe, na pengine faili lake linafunguka pia ili asishuku. Zamani hata kubonyeza hakukuhitajika, flashi ilijiendesha yenyewe ikichomekwa, mpaka Microsoft walipoizima tabia hiyo kwa sasisho la Februari 2011. Tangu hapo kirusi kinahitaji kidole cha mtu.

Anza na kompyuta yako, vinginevyo utasafisha flashi na kuichafua hapo hapo. Washa intaneti, apdeti Defender, kisha chagua uchunguzi unaoitwa Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka tena na kuchunguza kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi, hivyo hifadhi kazi zote kwanza. Baada ya hapo chomeka flashi ya mteja, usiifungue, bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia na uiamuru ichunguzwe. Vikishafutwa virusi, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya F:

attrib -s -h /s /d F:\*.*

Subiri kidogo, kisha fungua flashi. Mafaili yatakuwa yametokea. Vile vyenye vimshale ambavyo vimebaki, vifute.

Wewe ndiye mtu ninayemwambia aangalie zaidi ya Defender. Si kwa sababu Defender ni mbaya. Duka lako linapokea flashi za watu kumi, ishirini kwa siku, na intaneti imezimwa, na pale ndipo penye udhaifu niliomweleza babu wa Muheza. Una njia mbili. Ya kwanza, acha intaneti ikiwaka saa zote za kazi, uhesabu bando kama unavyohesabu karatasi na wino. Ya pili, weka antivairasi isiyotegemea mtandao kiasi hicho. Bitdefender wanayo ya bure, ni kampuni ya Romania, ila utahitaji mtandao na akaunti siku ya kuiweka, na taarifa zake za virusi lazima uzishushe kila siku. Kwa biashara, hata hivyo, soma masharti: antivairasi nyingi za bure zimeruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani peke yake, na duka lako si nyumbani. Ukinunua ya biashara, hiyo ni gharama ya kazi, iingize kwenye bei ya kopi.

Tena waambie wateja wakutumie kazi kwa WhatsApp au kwa baruapepe kila inapowezekana. Hapa kwangu, tangu nibandike tangazo hilo mlangoni, flashi zimepungua zaidi ya nusu. Na wewe msomaji unayepeleka kazi steshenari: tumia kadi ya SD yenye kile kiswichi kidogo cha kufunga ubavuni. Kisukume kwenye kufunga kabla hujaitoa mkononi. Kompyuta itasoma, lakini kwa kawaida haitaandika kitu juu yake.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, Mwanza. Binti yangu alikuwa anatafuta tamthiliya mtandaoni, ghafla skrini ikawa nyekundu, ikalia kama king'ora, ikaandika kompyuta ina virusi vitano na tupige namba fulani ya nje. Hatukupiga. Sasa kila saa kwenye kona vinatokea vijitangazo kwamba antivairasi yetu imekwisha, lakini hatujawahi kununua yoyote. Ninunue?

JIBU: Hapana mama, usinunue, na hongera kwa kutopiga. Ule haukuwa uchunguzi. Ulikuwa ukurasa wa tovuti, picha na sauti tu. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuhesabu virusi vilivyo kwenye kompyuta yako. Likitokea tena, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Likigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, umfunge Chrome kwa kutokea huko, na akifunguka tena akitaka kurudisha kurasa za mwanzo, kataa.

Vijitangazo vya kona ni kwa sababu binti alibonyeza Allow pale tovuti ilipoomba ruhusa ya kutuma arifa. Ndani ya Chrome nenda Settings, kisha Privacy and security, kisha Site settings, kisha Notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa zote usizozijua. Vitakoma hapo hapo. Kisha mwache Defender achunguze kompyuta nzima ili moyo utulie.

Kwa msomaji mwingine ambaye alipiga namba hiyo na akawaruhusu waiendeshe kompyuta yake kwa mbali: kata intaneti sasa hivi, ondoa programu waliyokuwekea, badilisha pasiwedi zako ukitumia kifaa kingine, na uwapigie benki yako. Usiwaonee haya benki. Wanaoona haya ndio wanaopoteza zaidi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ni mwanafunzi wa chuo, Mombasa. Nina HP EliteBook 840 G3, Windows 10. Nimeambiwa Windows 10 imekwisha na Windows 11 haiingii. Nikilipia antivairasi nzuri, si nitakuwa salama tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Antivairasi haitaziba pengo hilo, na nitakueleza kwa nini.

Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake hawazibi tena matundu yanayogunduliwa ndani ya Windows yenyewe. Antivairasi inamtambua mwizi akishika kitasa. Tundu la Windows ni ukuta uliobomoka upande wa nyuma. Kumbuka kirusi cha WannaCry, tarehe 12 Mei 2017: kilipita kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Tundu kilimopitia, Microsoft walikuwa wameliziba mwezi Machi, miezi miwili kabla. Aliyeapdeti hakikumgusa kwa njia hiyo.

Kwa Windows 10 za nyumbani kuna mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026. Unaingia kwenye Windows Update, unajiandikisha, na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft hulipi kitu. Usipotaka ni dola 30. Taarifa za virusi za Defender zenyewe zitaendelea kuja kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Watu wanachanganya tarehe hizi mbili. Ile ya 2028 ni ya mlinzi, si ya ukuta.

G3 yako kwa kawaida ina prosesa kama i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 6, ndicho kizazi chake, na kwa prosesa za Intel Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8, mfano i5-8250U. Kuna mafundi watakaokupigia Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine hiyo. Itawaka, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine isiyotimiza masharti, na masasisho ndiyo unayoyatafuta. Kama kazi zako ni kuandika, kusoma na kuvinjari, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Inawekwa kwenye flashi, unaijaribu kwa siku nzima bila kugusa Windows yako, ukiipenda ndipo unaiweka, baada ya kutoa nakala za kazi zako zote. Nimewawekea wanafunzi wengi, na G3 hukimbia nayo vizuri. Ukija kununua nyingine iliyotumika, usisome jina la G peke yake. Washa mashine, angalia prosesa kwa macho yako kabla hujalipa.

SWALI: Nasikia Kaspersky imepigwa marufuku Marekani, na Avast iliuza siri za watu. Sasa tumwamini nani? Msomaji, Unguja.

JIBU: Yote mawili yametokea. Serikali ya Marekani ilitangaza Juni 2024 kuzuia Kaspersky isiuzwe huko, na masasisho yake yakakoma huko mwishoni mwa Septemba mwaka ule. Hoja yao ni kwamba kampuni ni ya Urusi na inaweza kushurutishwa na serikali yake. Kampuni imelikana hilo. Katazo hilo ni la Marekani. Kuhusu Avast, Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu ilikusanya historia ya tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Jumpshot ilikuwa imeshafungwa mwaka 2020.

Swali lako ni la msingi kuliko linavyoonekana, ndugu yangu. Antivairasi husoma kila faili ulilonalo. Hakuna programu nyingine nyumbani unayoipa ruhusa hiyo. Kwa hiyo ya bure isiyoeleza inakula nini, mimi naiogopa kuliko ya kulipia. Mwenye Kaspersky yenye leseni hai sitamwambia aitupe kesho. Anayeanza upya namwambia atumie Defender, ambayo mwenye nayo ndiye mwenye Windows yenyewe, hivyo haongezi mtu mwingine wa kumwamini. Na ujue pia kwamba Norton, Avast, AVG na Avira ziko chini ya mwenye mali mmoja, Gen Digital. Muuzaji akizipanga mezani akakwambia moja inaishinda nyingine, anakuuzia ndugu wa baba mmoja. Ukiamua kununua, hakikisha sehemu ya namba ya leseni haijakwanguliwa. Nimeletewa kadi moja iliyouzwa kwa watu wanne.

SWALI: Nitajuaje kama antivairasi yangu iko macho au inajionyesha tu? Tabora.

JIBU: Kuna faili la majaribio linaloitwa EICAR. Ni herufi 68 tu, si kirusi, halina madhara, lakini watengenezaji wa antivairasi wamekubaliana kulikamata kana kwamba ni kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR wenyewe. Antivairasi iliyo macho italizuia kabla halijamaliza kushuka, au italifuta mara likitua kwenye folda. Likikaa hapo dakika tano na bado unaliona, usiingie kwenye akaunti ya benki kwa kompyuta hiyo. Mpelekee fundi aifungue, na asipoweza yeye, iweke kwenye basi la Tanga uniandikie imepanda basi gani.